Mwatiko wadogo wamekufa pipani, wakubwa wamekufa bwawani: joto na ukubwa vinamfanya nini samaki?

Mfugaji wa Micheweni aliandika:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina bwawa la mwatiko kando ya mikoko, kaskazini ya Pemba, na yamenitokea mambo mawili ambayo nikiyaweka pamoja hayakubaliani. Naomba wenye elimu wanifafanulie.

La kwanza ni la kusafirisha. Mwezi wa Februari nilihamisha vifaranga mia nne, kila mmoja akiwa na uzito wa gramu 5 hivi, kutoka katika hori la bahari waliponaswa hadi bwawani kwangu. Niliwatia ndani ya pipa la lita 100, nikalijaza maji ya bahari, nikalifunika na kulipakia kwenye gari. Safari ilichukua dakika arubaini. Nilipofunua, zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa na waliobaki walikuwa wakitweta. Siku ya pili yake nilitumia pipa lile lile na njia ile ile kumpelekea jamaa yangu mwatiko wanane wa gramu 250 kila mmoja, na wote walifika wazima. Ukipiga hesabu, vifaranga mia nne ni kilo mbili na wakubwa wanane nao ni kilo mbili, kwa hivyo mzigo ulikuwa mmoja. Nikaamini kuwa mdogo ni dhaifu na mkubwa ana nguvu, nikayaacha hapo.

La pili ndilo lililonivuruga. Mwishoni mwa Machi, maji yakiwa mafu, yaani bahari haijai sana, na bwawa halijapata maji mapya kwa siku tano, niliamka alfajiri nikakuta samaki wanaelea. Takriban wote waliokufa walikuwa wakubwa, wa gramu 300 kwenda juu. Wadogo waliokuwemo katika bwawa hilo hilo walikuwa wamejipanga juu ya maji wakihema, lakini walikuwa hai. Safari hii mkubwa ndiye aliyekuwa dhaifu. Jirani mmoja aliniambia kuwa ni joto la kaskazi, na mwengine akasema ni hasad. Hilo la hasad namwachia Mwenyezi Mungu, ila hilo la joto ningependa kulifahamu: maji yakipata moto, kinatendeka nini ndani ya mwili wa samaki, na kwa nini ukubwa wake ugeuze hukumu?

Maalim wa Wete alijibu:

Waalaykumu salaam. Mimi nasomesha baiolojia skuli ya sekondari, na swali lako nitaliazima kwa ajili ya wanafunzi wangu, kwa idhini yako.

Tuanze na neno lenyewe. Umetaboli ni jumla ya kazi zote za kikemia zinazofanyika mwilini: kuunguza chakula kwa oksijeni ili kupata nishati, kujenga nyama mpya, kutoa taka, kuusukuma moyo. Kwa kuwa kazi hizi nyingi hutegemea oksijeni, wanasayansi huupima umetaboli wa samaki kwa kuangalia anatumia miligramu ngapi za oksijeni kwa saa. Mtu huubakisha mwili wake kwenye nyuzijoto 37, kuwe na baridi au jua kali, lakini mwatiko hana uwezo huo. Damu yake hupita kwenye matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, na matamvua yanaoshwa na maji wakati wote, kwa hivyo joto lake ni lile la maji aliyomo. Maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 30, viungo vyake vyote vya ndani vimepanda pamoja nayo, atake asitake.

Mkemia wa Uholanzi Jacobus van 't Hoff, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya kemia mwaka 1901, alieleza kuwa mwendo wa mabadiliko ya kikemia huongezeka mara mbili au zaidi kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Baadaye August Krogh wa Denmark alipima upumuaji wa samaki katika majoto mbalimbali, akaona kuwa hata kiumbe hai hupanda namna hiyo. Tukichukua mara mbili kwa kila nyuzi 10, kupanda nyuzi 5 tu, ambayo ni takriban tofauti baina ya bahari yetu wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kunaongeza mahitaji ya oksijeni kwa asilimia 41. Haiwi asilimia 50, kwa sababu ongezeko hili ni la kuzidisha na si la kujumlisha. Wanafunzi wangu hukosea hapo kila mwaka.

Kuhusu ukubwa, mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, aliwapanga wanyama kuanzia njiwa hadi fahali, akaona kuwa umetaboli hauongezeki sawasawa na uzito bali huongezeka kwa uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha robo tatu. Kwa lugha nyepesi, mnyama mwenye uzito wa mara hamsini ya mwenzake hali mara hamsini yake. Anakula mara 19 tu. Kwa hivyo, gramu moja ya nyama ya kifaranga chako inatumia oksijeni karibu mara 2.7 ya gramu moja ya nyama ya yule mkubwa. Sababu yake ni kwamba kiumbe mdogo ana ngozi kubwa ukiilinganisha na ujazo wa mwili wake, hivyo hupoteza joto upesi na hulazimika kuunguza zaidi.

Kilo mbili zako, kwa hivyo, zilikuwa sawa kwenye mizani tu. Lakini nakuuliza jambo moja ambalo hukulitaja: vifaranga uliwasafirisha saa ngapi, na wale wakubwa saa ngapi?

Mfugaji wa Micheweni alijibu:

Ahsante sana Maalim, na idhini unayo. Vifaranga niliwachukua saa saba mchana, kwa sababu gari lilichelewa. Nina kipimajoto cha bwawani, na maji ya pipani yalikuwa nyuzi 31. Wale wakubwa niliwapeleka saa mbili asubuhi, maji yakiwa nyuzi 27. Sikulitaja kwa kuwa sikudhani nyuzi nne ni kitu.

Mvuvi wa Kojani alijibu:

Maalim ameeleza vizuri, ila asiwajumuishe samaki wote katika fungu moja. Sisi tunaokwenda mbali tunajua kuwa jodari akipasuliwa papo hapo chomboni, nyama yake nyekundu iliyo karibu na uti wa mgongo ina vuguvugu linaloshikika kwa mkono, na maji tuliyomtoa ni ya baridi kuliko hivyo. Changu na chewa hawako hivyo. Ndiyo maana jodari ukimwacha juani bila ya barafu anaharibika mbele ya wenzake, na mnunuzi wa soko la Darajani hatakusikiliza. Kama kuna mwenye maelezo ya hilo, nami nitafaidika.

Msomi wa Bahari, Unguja, alijibu:

Nimeisomea fisiolojia ya samaki, kwa hivyo nitachangia kwa urefu kidogo, na Maalim wangu aniwie radhi kwa pahala pawili nitakapomrekebisha.

Nianze na mzee wetu wa Kojani, kwa sababu jibu lake ni fupi. Jodari ana mtandao wa mishipa midogo ambamo damu ya moto inayotoka kwenye misuli hupishana na damu ya baridi inayotoka kwenye matamvua, zikiwa zinakwenda njia mkabala. Joto huhama kutoka mshipa mmoja kwenda mwengine kabla halijafika kwenye matamvua na kupotea, hivyo hubakia ndani. Katika maelfu ya aina za samaki, wenye ufundi huu ni wachache mno. Mwatiko hayumo.

Sasa marekebisho. La kwanza ni la ile sababu ya ngozi na kupoteza joto. Maelezo hayo ni ya zamani na yana mvuto kwa wanyama wenye damu moto, lakini samaki hana joto la kulinda. Joto lake na la maji ni moja, na bado kanuni ya ukubwa inamshika vile vile. Kwa hivyo sababu lazima iwe nyengine. Mwaka 1997 West, Brown na Enquist walipendekeza kuwa chanzo ni umbo la mitandao ya usafirishaji mwilini, yaani mishipa inayogawanyika na kugawanyika tena hadi kufikia kila seli, na kwamba mtandao mkubwa hauwezi kuihudumia kila gramu kwa kasi ya mtandao mdogo. Wengine hutazama viungo: kifaranga ana ubongo, ini na utumbo mkubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na hivyo ndivyo viungo vinavyokula oksijeni, ilhali mkubwa amejaa misuli ambayo muda mwingi imetulia. Mjadala huo haujafungwa.

La pili ni la kipeo. Kwa samaki, vipimo vingi vilivyokusanywa vinakaribia 0.8 kuliko 0.75. Tofauti yaonekana ndogo, lakini katika mfano wetu inapunguza ile mara 2.7 hadi mara 2.2. Nyuzi nne alizozidharau mfugaji zinaongeza mara 1.3. Ukizidisha 2.2 kwa 1.3 unapata karibu mara 2.9. Kilo mbili za vifaranga mchana zilikuwa zinavuta oksijeni karibu mara tatu ya kilo mbili za wakubwa asubuhi.

Halafu ipo dhulma ya pili ya joto, ambayo haimo ndani ya samaki bali imo ndani ya maji. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Maji ya bahari yaliyoshiba hewa hubeba kiasi cha miligramu 6.5 za oksijeni kwa lita yakiwa nyuzi 27, na kiasi cha 6.1 yakiwa nyuzi 31. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba mwatiko mkubwa aliyetaharuki kidogo anatumia miligramu 200 kwa kila kilo kwa saa. Kilo mbili zinahitaji 400 kwa saa, na pipa lina 650, kwa hivyo safari ya dakika arubaini inakwisha ikiwa akiba bado ipo. Vifaranga wanahitaji kama 1,160 kwa saa, na pipa lina 610. Akiba hiyo inamalizika kwa muda wa nusu saa hivi, na samaki huanza kuzidiwa kabla haijafika sufuri. Wewe ulikuwa barabarani kwa dakika kumi zaidi ya hapo, tena pipa limefunikwa.

Hiyo ndiyo habari ya pipa. Habari ya bwawa ni nyengine, na kosa ni kudhani kuwa maswali haya mawili ni moja. Pipani kila kundi lilikuwa na mfuko wake, na swali lilikuwa nani ataumaliza upesi. Bwawani wote walikuwa wakila kutoka mfuko mmoja, na swali likawa nani ataweza kuishi kwa kile kidogo kilichobaki. Mwenye matumizi makubwa kwa kila gramu hupoteza shindano la kwanza, lakini si lazima apoteze la pili, kwa sababu hata matamvua yake ni makubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Eneo la matamvua nalo hukua kwa kipeo kilicho karibu na 0.8, sambamba na mahitaji.

Kwa nini basi wakubwa walitangulia? Nilete mambo mawili ambayo ninayaona yana uzito, kisha la tatu lenye ubishi. Wadogo uliowakuta juu ya maji walikuwa wakivuta ule utando mwembamba kabisa wa maji unaogusana na hewa, ambao huwa na oksijeni hata pale maji ya chini yamekaukiwa. Mdomo mdogo huuchota utando huo bila ya kuchanganya na maji ya chini. Mdomo mkubwa huchota vyote. Jambo jengine ni chakula. Samaki akishakula, matumizi yake ya oksijeni hupanda mara mbili na hata zaidi, kwa sababu kuyeyusha chakula na kujenga nyama ni kazi, na wakubwa ndio wanaowasukuma wadogo na kushiba. Naomba utuambie kama uliwalisha jioni ile.

La ubishi ni hili. Daniel Pauly wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, anashikilia kuwa matamvua, kwa kuwa ni eneo, hayawezi kuufuata mwili ambao ni ujazo, hivyo samaki anapokua hufika pahala oksijeni ikawa haimtoshi, na maji yakipata joto hufika pahala hapo akiwa mdogo zaidi. Mwaka 2013 yeye, William Cheung na wenzao walikadiria kuwa uzito wa samaki wa baharini ungepungua kwa asilimia 14 hadi 24 ifikapo 2050. Mwaka 2017 Lefevre, McKenzie na Nilsson waliipinga nadharia hiyo waziwazi, wakisema kuwa matamvua ni utando uliokunjwakunjwa na hakuna sheria ya jometri inayouzuia kuongezeka sambamba na mahitaji. Mimi naelemea upande wa wapinzani. Kwamba samaki wengi wanaokulia kwenye maji ya moto hukomaa upesi na kubaki wadogo, hilo limeonekana sana. Kinachobishaniwa ni sababu.

Nikutahadharishe na jambo moja jengine, kwa kuwa wafugaji wengi hulisema: kwamba joto likizidi, samaki hukua zaidi. Ni kweli mpaka kiwango fulani. Frederick Fry wa Toronto alieleza mwaka 1947 kuwa tuangalie nafasi iliyopo baina ya oksijeni ambayo samaki anaihitaji akiwa ametulia na ile ya juu kabisa anayoweza kuivuta. Nafasi hiyo ndiyo anayoitumia kuogelea, kuyeyusha chakula na kukua. Maji yakipanda joto, matumizi ya kutulia huendelea kupanda, lakini uwezo wa juu hufika kikomo na kisha hushuka. Ni kama mtu ambaye kodi ya nyumba inapanda kila mwezi na mshahara umesimama. Mwatiko ni mvumilivu, hustahimili hata maji yanayokaribia nyuzi 40, lakini kustahimili si kunenepa.

Mfugaji wa Micheweni alijibu:

Nimeisoma mara tatu. Ndiyo, niliwalisha jioni, tena saa kumi na mbili na nusu, pumba na dagaa, na niliwazidishia kwa sababu niliwaona wana hamu kubwa. Mchana wa siku hiyo kulikuwa na mawingu mazito.

Msomi wa Bahari, Unguja, alijibu:

Hamu hiyo ni joto lililokuwa likiomba. Na mawingu yanakamilisha hadithi: mchana wa jua, mwani mdogomdogo wa bwawani hutoa oksijeni kwa wingi, na usiku mwani huo huo huivuta pamoja na samaki na matope. Kukiwa na mawingu, usiku unaanza na akiba pungufu, na kiwango cha chini kabisa huwa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Samaki wakubwa waliokuwa na matumbo yaliyojaa waliikuta saa hiyo wakiwa katikati ya kazi ya kuyeyusha.

Bi wa Ushirika, Bumbwini, alijibu:

Sisi hapa Makoba tumefuga mwatiko miaka mingi na haya tumejifunza kwa hasara, kabla ya kusikia habari ya vipeo. Nayaandika kwa faida ya mwanangu wa Micheweni.

Vifaranga hatuwasafirishi mchana, hata gari likiwa la bure. Tunawanasa jioni, tunawaweka kwenye “hapa” ya wavu, yaani kizimba cha wavu kinachowekwa majini, usiku kucha bila ya chakula ili matumbo yawe matupu, na tunaondoka baada ya sala ya alfajiri. Ndani ya pipa tunatia chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zimefungwa vizuri ili maji baridi yasimwagike, na tunayashusha maji polepole hadi nyuzi 25 hivi. Hatushuki chini ya hapo, kwa sababu mwatiko ni samaki wa maji ya moto na akishtuliwa kwa baridi huzidi kutaharuki. Kwa pipa kama lako hatutii zaidi ya vifaranga mia na hamsini wa gramu 5, na hatulifuniki bali tunalitandazia wavu. Mtu mmoja hukaa nyuma ya gari na kopo, akichota na kumwaga maji kutoka juu mwendo mzima. Kazi hiyo inachosha, lakini haihitaji umeme.

Kwenye kulisha, wakati wa kaskazi tunalisha asubuhi jua likishapanda, kiasi cha saa nne, na chakula cha mwisho ni saa tisa alasiri. Maji yakiwa mafu na mawingu yametanda, hatulishi kabisa siku hiyo. Samaki hafi kwa kukosa chakula cha siku moja.

Maalim wa Wete alijibu:

Nayakubali marekebisho yote mawili, na lile la ngozi nitalifuta ubaoni wiki ijayo. Niongeze dogo linalotokana na hesabu hiyo hiyo: majedwali ya kulisha humtaka mfugaji ampe kifaranga chakula cha kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake kwa siku, na samaki anayekaribia kuvuliwa asilimia 3 hivi. Watu hudhani ni kwa sababu mdogo anakua upesi. Hiyo ni sehemu ya sababu. Sehemu nyengine ni kwamba gramu zake zinaunguza zaidi hata akiwa amelala.

Mfugaji wa Micheweni alijibu:

Mungu awalipe kheri. Bamvua ya wiki ijayo, bahari ikijaa sana, nitafungua lango nibadilishe maji, na vifaranga wapya nitawaendea alfajiri na chupa zangu za barafu. Bi wa Bumbwini, hiyo “hapa” ya wavu mnaishona kwa matundu ya ukubwa gani? Yangu ya zamani vifaranga wa gramu 2 wanapenya.

Bi wa Ushirika, Bumbwini, alijibu:

Tunatumia wavu wa chandarua, mwanangu, si nyavu za kuvulia. Ushone mara mbili kwenye pembe, na uukoshe kila siku, maana matundu yakizibwa na mwani maji hayapiti, nawe umelirudisha pipa ndani ya bwawa.